Nilisema Alikuwa Amelewa

Mbukwenyi, ndugu zangu. Na nyinyi mliohamia huku Miyuji na ofisi zenu, habari za mchana. Mwenyekiti wetu wa kikundi cha kuzikana ameniomba niseme dakika kumi. Amekosea. Mtu wa umri wangu ukimpa dakika kumi, tano anazimaliza akitafuta pa kuanzia. Basi mnivumilie, na mwenye sufuria jikoni akaiangalie halafu arudi.

Naanza mbali.

Nilikuwa mdogo, nachunga ndama tu, ng'ombe wakubwa sijaaminiwa. Ulikuwa mwaka wa njaa, watu wanakula mbegu walizoziweka za kupanda. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge, na siku moja ikaja barua yake. Kijijini kwetu hakuna aliyejua kusoma. Nasema hakuna, hata jumbe mwenyewe karatasi alikuwa anaishika miguu juu. Baba akaifunga ile barua kwenye pindo la shuka yake, tukatembea yeye na mimi tangu alfajiri mpaka jua la utosini, kwenda misheni kwa katekista.

Tukakuta watu wamejaa barazani, wamekuja kugawiwa mahindi ya njano. Katekista alikuwa mtu mwema, lakini sauti yake ilizoea kanisani. Akaisoma barua ya kaka kama anasoma waraka wa mtume. Na kaka alikuwa ameandika kwamba amesikia mama amerudi kwao kwa sababu ya fimbo za baba, na kwamba hatatuma hata shati moja nyumbani mpaka mama arudishwe. Baraza zima likasikia. Bibi mmoja akasema kumbe. Kumbe tu. Baba akanyoosha mkono, akaichukua barua, akaitia mdomoni, akaitafuna mbele ya watu mpaka akaimeza. Tukashika njia ya kurudi. Tulipofika mtoni ndipo akaniambia kwamba mtu asiyejua kusoma hana siri.

Mama alirudi, msihuzunike. Na shati lilikuja, la mistari, nikalivaa mimi. Lakini lile neno la mtoni likanikaa. Nikaapa kitoto kwamba nikija kuwa na barua yangu, hakuna mdomo wa mtu utakaonisomea.

Ilipokuja elimu ya watu wazima nilikuwa na mke tayari. Mwalimu wetu alikuwa binti aliyemaliza darasa la saba juzi juzi, ananiita baba huku ananigonga vidole kwa kalamu. Nilijifunza. Ila kusoma kwa ukubwani ni kama kucheza ngoma ya kabila la watu, utaijua lakini mguu utachelewa. Nilisoma kwa kuweka kidole chini ya kila herufi na kutikisa midomo. Neno refu kama halmashauri nililianza mwenzangu akiinjika chai, tukalimaliza pamoja na chai. Mpaka leo ndivyo ninavyosoma. Lakini nilisoma mwenyewe, na hilo nilijivunia kuliko mtu anavyojivunia ng'ombe.

Mnajiuliza mzee na barua zake anakwenda wapi. Nafika.

Kazi ya lori niliianza nikiwa utingo, nalala juu ya magunia, napigwa na baridi ya usiku na vumbi la mchana. Baadaye nikashika usukani. Enzi zile malori yalikuwa ya ushirika na ya serikali. Kisha mambo yakafunguliwa, ushirika ukalala, kila aliyeweza akanunua lori lake, na pale Kibaigwa pakawa soko la mahindi la kutisha, madalali wanavutana mashati. Mimi nikapata tajiri wa Dar es Salaam. Sisi madereva mwenye gari tunamwita tajiri hata kama anatembea na kandambili.

Utingo wangu wa mwisho alikuwa mtu mzima, umri wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa karani kwenye shirika moja la umma, likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwamo. Watoto sita. Tulimwita Karani. Mtu anayejua kupiga chapa, mwandiko wake umenyooka kama mshono wa cherehani, sasa anafunga turubai juu ya mahindi na kutia kabari chini ya tairi. Na mimi, mtu wa kidole chini ya herufi, ndiye mkubwa wake. Niseme ukweli maana nimekuja kusema ukweli: nilipenda. Nilipenda kumtuma maji.

Ndipo simu zikaja. Tajiri akaninunulia moja, nzito kama kipande cha sabuni ya mche, ina antena. Mtandao siku zile ulishika mijini tu, huku katikati ilikuwa bahati. Lakini njia yetu ya kwenda Dar ilikuwa na kilima kimoja, sitataja kijiji kwa heshima ya wenyewe. Ukifika katikati ya kilima kile simu inaamka. Ukivuka kileleni, ukashuka kidogo, inakufa. Watu wakapaita Kilima cha Netiweki. Hata wanakijiji wenye simu walikuwa wanapanda pale jioni, wamezielekeza juu kama watu wanaoomba mvua.

Basi tajiri akaweka utaratibu. Asubuhi anatuma ujumbe kutoka Dar, na ujumbe unanisubiri pale kilimani. Bei ikiwa mbaya huko kwake ataniambia nishushe Morogoro. Bei ikiwa nzuri, nije. Na mimi lazima nijibu neno moja, Sawa, kabla mtandao haujakata. Asipoipata ile Sawa, anahesabu kwamba nimeanguka au nimepotea, na nikifika Dar natukanwa mpaka mama yangu anatajwa.

Mtasema, ungesimama usome. Lori lililojaa halisimamishwi mlimani, ndugu zangu. Ukisimama, kuliondoa ni kabari na sala. Kwa hiyo kila dereva wa njia ile aliyekuwa na simu alisoma akiwa anapanda. Tukajiambia gari linatambaa, hata mwenye miguu anakupita, utamgonga nani? Mlevi anajua kwamba amelewa. Sisi tulijiona waangalifu, tumechagua mahali pa polepole.

Kijana hapo karibu na mlango, usiifiche, nimeiona. Sikusemi wewe. Maliza kuandika, nakusubiri.

Haya.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, kama saa nne, jua zuri, barabara kavu. Nayasema hayo ili mtu asinitafutie sababu. Tulikuwa tumepakia Kibaigwa tangu jana yake, magunia yamefika juu. Simu ikalia katikati ya kilima kama kawaida yake. Karani akanyoosha mkono.

"Nipe nikusomee, mzee."

Kila safari alisema hivyo, na kila safari nilikuwa na jibu la kumrudisha. Siku ile nilimwambia, "Karani, ofisi yako ilifungwa. Hii ni ofisi yangu."

Akarudisha mkono, akageukia dirishani. Hilo lilikuwa neno la mwisho baina yetu kabla ya jambo lenyewe.

Nikaiweka simu juu ya usukani, kidole gumba chini ya herufi. Nikasoma kidogo, nikatazama barabara, nikarudi kwenye kioo, nikakuta nimesahau nilipoishia, nikaanza upya. Nyinyi mnaosoma kwa kutupa jicho hamwezi kulijua hili. Mimi nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, nikigeuza shingo naanguka. Sikuumaliza ule ujumbe. Nilipoona mtandao utanikata nikaamua nijibu kwanza, nitausoma baadaye. Herufi S ilikuwa kwenye namba saba, unabonyeza mara nne. Ukizidisha inakuja saba yenyewe, unafuta, unaanza tena. Nilifuta mara mbili. Nikapata S. Nikapata a. Nikawa naitafuta w.

Kumbe lori lilishamaliza kupanda bila kuniaga.

Karani alisema, "Mzee, pembeni." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba umesahau kofia. Nikainua macho.

Kulikuwa na mtu anapanda kutoka upande ule, anasukuma baiskeli yenye gunia, anapeleka mahindi yake sokoni. Kichwa ameinamisha kama yeyote anayesukuma mzigo mlimani. Alikuwa nje ya lami. Miguu yake na magurudumu yake yote mawili vilikuwa kwenye changarawe, na nyuma yake korongo, hana pa kurukia. Yeye hakuingia barabarani. Mimi ndiye niliyeiacha barabara nikamfuata.

Sitasema zaidi, wapo watoto hapa. Alikata roho pale pale, mikononi mwa Karani. Mahindi yake na damu yake vilikuwa pamoja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani, gari limesimama lenyewe kwenye changarawe, na bado nimeishika simu.

Walipokuja askari niliitia ndani ya soksi.

Wakapima breki, wakatazama tairi, wakaninusa mdomo. Nilikuwa msafi. Habari ya simu hakuna aliyeniuliza, siku zile nani alijua kwamba simu inaweza kuua mtu? Askari akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia aliyumba na baiskeli yake akaniingilia. Akaniuliza mtu mzima, asubuhi yote hii, ayumbe kwa nini.

Hapa, ndugu zangu, hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenitia neno mdomoni. Nilisema, "Nadhani alikuwa amelewa."

Ikaandikwa. Karani akaulizwa, akasema yeye alikuwa amesinzia. Nilijua kwa nini amesema hivyo, watoto sita. Na yeye alijua kwamba ninajua. Tuliingia gari moja tukarudi bila kutazamana.

Jioni ile nilimpa simu. Mara ya kwanza. Nikamwomba anisomee. Akasoma taratibu, kama anamsomea mgonjwa. Ulisema hivi: Bei ile ile. Njoo Dar. Safari njema. Chini yake palikuwa na jibu langu ambalo halikwenda. Sa.

Kesi haikuwa ndefu. Mahakama ilitumia kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni maneno yangu. Nikaonekana sina hatia. Nyuma kabisa alikaa mzee mwembamba, kofia ya kufuma ameiweka magotini. Nikaambiwa ndiye baba wa marehemu. Alisikia ikisomwa kwamba mwanawe, kwa jinsi inavyoelekea, alikuwa amelewa. Aliivaa kofia yake akatoka. Tajiri wangu akanipiga bega, akasema Mungu ni mkubwa.

Nikarudi kazini. Safari ya kwanza, kilimani pale, mguu wangu wa kulia ukakataa. Nauambia kanyaga, haukanyagi. Karani akashuka kutia kabari, nikakaa nusu saa nalia jasho. Safari ya pili hivyo hivyo. Ya tatu tajiri akampa mwingine lori.

Nikaja kukaa hapa hapa Miyuji. Wengi wenu mlinijua nikiwa yule wa miaka ile, mtanisahihisha nikiongopa. Nilianza na pombe ya mtama, ile ya kunywa na watu na kuimba. Kisha nikahamia kwenye gongo, ambayo mtu anakunywa akiwa peke yake. Mama mmoja aliyekaa hapa mbele aliwahi kunitoa kwenye mtaro wa shamba la zabibu, nimelala na mbwa. Siku hizo ukinipa shikamoo nakuuliza una kitu mfukoni. Mjukuu wangu akinisikia mlangoni anaingia chini ya kitanda. Hilo nalo ni la kusemwa, maana mtu akitoa ushuhuda hupenda kuruka la mjukuu.

Mnajua kilichoniua zaidi? Mke wangu. Kwa wema wake. Yeye naye nilikuwa nimemdanganya. Basi kila nikilia usiku ananishika mgongo ananiambia, baba fulani, usijitese, yule alikuwa mlevi, amejitakia. Ananifariji kwa uongo wangu mwenyewe. Na kila akinifariji, asubuhi nakwenda kunywa.

Ikawa hivyo miaka miwili na zaidi.

Siku moja akaja Karani. Nilikuwa sijamwona tangu niache gari. Amekonda, bado utingo, kwa dereva mwingine. Akakaa kwenye kigoda, akakataa uji. Akanieleza kwamba juzi walipata pancha pale pale kilimani. Wakati anafungua tairi, wakapita wanawake wa kijiji, na mtoto mmoja anaendesha baiskeli kwa kuyumba yumba, mchezo wa watoto. Mama yake akamfokea. Akamwambia atakufa kama yule mlevi, na akalitaja jina la marehemu.

Karani akaniambia, "Mzee, jina la yule mtu limekuwa tusi. Pale kijijini mtu akilewa anaitwa kwa jina lake. Nimeuliza. Alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwahi kuonja pombe tangu azaliwe."

Nikamwambia anyamaze.

"Nilinyamaza," akasema. "Nilinyamaza polisi, nikanyamaza mahakamani. Watoto wangu wamekula kwa ukimya ule. Sasa umenishinda. Nitakwenda kusema, na wewe au bila wewe. Lakini ningependa uwe wewe."

Akaondoka. Hakunitukana, na nilitamani anitukane.

Nilimwambia mke wangu kabla jua halijazama. Alikuwa anapepeta mahindi. Nikamweleza yote, simu, soksi, neno la kulewa. Hakuacha kupepeta. Alipomaliza akaweka ungo chini, akasema, "Kumbe nilikuwa nakuombea kwa jina la uongo." Kisha akaingia ndani, na siku tatu hakunisemesha. Ya nne nikamkuta amepasha pasi ya mkaa, ananyoosha shati langu la kanisani. Akasema mtu haendi kwa watu na shati lililokunjamana.

Sikwenda siku ile. Niwe mkweli. Nilitetemeka sana kwa kuacha gongo, nikawa naona wadudu ukutani. Muuguzi mmoja wa zahanati, binti wa kutoka mbali huko, alinilaza siku nane na kuninywesha maji kwa kijiko kama mtoto. Nilipoweza kusimama, nikaanza na polisi. Nikasema nimekuja kubadilisha maneno yangu. Askari akaniuliza ya lini, nikamwambia. Akatafuta, akasema faili limefungwa, mzee, nenda nyumbani ukapumzike. Nikarudi tena wiki ile ile. Akaniambia vile vile, safari hii kwa ukali. Nilitaka kufungwa, sikufungwa. Basi ikabaki kijiji.

Mwenyekiti, naona unatazama saa. Naomba shukrani na nasaha nizitoe sasa, kabla ya kumalizia, kwa sababu nikishasema kilichobaki sitaweza kusema kingine.

Namshukuru mke wangu, yuko pale mwenye kanga ya kijani, anajifanya hanisikii. Namshukuru yule muuguzi, amehamishwa, Mungu amfuate huko aliko. Namshukuru Karani, ambaye kwa ajili yangu alibeba uongo na kwa ajili yangu akautua. Siku hizi ana kibanda cha kuandikia watu barua na maombi ya kazi, na mimi nikipata ujumbe kwenye simu ya mke wangu nampelekea anisomee. Nawashukuru wazee wawili walionisindikiza, mmoja mchungaji mstaafu, mmoja jirani yangu wa msikitini aliyesema mauti hayaulizi dini. Na kikundi hiki mlioniandika jina bila kuniuliza nilikuwa nani.

Nasaha yangu ni ndogo. Wengi hapa mna watoto wanaoendesha, na wiki mbili zilizopita tumezika mtoto wa mwenzetu aliyegongwa na dereva wa namna yangu. Nyinyi wenye usukani, mkitaka kusoma, simameni. Msipoweza kusimama, mpeni aliye pembeni asome, hata kama mna kisirani naye. Mkiwa peke yenu iacheni ilie, italia na kunyamaza. Msiseme gari lilikuwa linakwenda polepole. Mimi lilikuwa linatambaa. Na la pili, ambalo nalijua zaidi: ukiua kwa uzembe, usimtwishe marehemu. Maiti hawezi kujitetea, na maneno utakayomtupia hayazikwi naye. Yanabaki juu ya ardhi, watoto wanayaokota.

Sasa namalizia.

Tulikwenda wanne, mimi, Karani na wale wazee wawili. Mwenyekiti wa kijiji tulikuwa tumempelekea taarifa, akawaita watu nyumbani kwa yule baba, kwenye uwanja wa tembe lake. Walikuja wengi, wanawake kwa wanaume. Yule baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anabangua karanga, ungo uko mapajani. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Mkwe wake, mjane wa marehemu, akatuletea maji, kisha akamwekea baba mkwe wake bakuli la uji pembeni, la moto.

Nikasimama nikasema. Sikukaa, walinipa kigoda nikakataa. Nilisema mimi ndiye dereva. Nilisema sikuwa natazama barabara, nilikuwa natazama simu. Nilisema mtoto wake alikuwa nje ya lami kabisa, anatembea kwa haki yake. Nilisema habari ya kulewa niliitunga mimi kwa mdomo wangu, hakuna harufu niliyoisikia, hakuna kitu nilichokiona, nilitaka tu nisifungwe. Karani akasimama baada yangu akasema hakuwa amesinzia. Uwanja ulikuwa kimya mpaka unasikia maganda ya karanga. Mwanamke mmoja kwa nyuma akaanza kulia, akatolewa. Nadhani ndiye aliyemfokea mtoto, lakini sina hakika, na nimejifunza kuogopa hilo neno nadhani.

Yule baba mikono yake haikusimama muda wote. Nilipomaliza, akabangua mbili tatu zaidi, kisha akaniuliza, "Hakuyumba?"

"Hakuyumba, baba."

"Alikuwa amenyooka."

"Alikuwa amenyooka, baba."

Akainua kichwa, akaniangalia. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, sijui aliniona vipi. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha, nikamwambia nimekuja ili kijiji kifanye nami kitakavyo. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia kwa Kigogo kwamba neno sasa ni la kwake, watu wote wanamsikiliza.

Akauweka ungo chini taratibu, karanga zisimwagike. Akajikung'uta maganda mapajani. Akachukua fimbo yake, akapita katikati ya watu, wakampisha. Akapita ubavuni kwangu karibu kabisa, upindo wa shuka yake ukanigusa bega. Akazunguka zizi, akashika njia ya mashambani. Tulimwona mpaka kwenye mtama, halafu ikawa tunaona mtama tu ukitikisika.

Tukasubiri. Mchungaji mstaafu alisema ameenda kujikusanya, atarudi. Uji wake ukafanya ngozi juu. Ng'ombe wakaja wenyewe, wakaingia zizini. Yule mjane akaja akalifunika bakuli kwa kawa, akatuambia kwa upole kwamba giza linakuja, na sisi tuna safari.

Nimekwenda tena pale mara tatu tangu siku ile. Mara zote tatu nimeambiwa ametoka.